Jinsi ya kubishana kuhusu riplei ya futiboli ya vyuo Marekani ukiwa na hoja mkononi

Mi naishi Columbus, Ohio, na hapa Jumamosi za msimu mji mzima unavaa nyekundu na kijivu za Ohio State, timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kuvaa helmeti. Nilivyokuja nilikuwa najua Simba na Yanga tu, Jumatatu kazini watu wanabishana kuhusu riplei, yaani marefa kurudi kuangalia video ya tukio, mi nimekaa kimya nakula chakula changu. Inauma kukaa na watu miaka na hujui wanacholilia. Nikaanza kuuliza, nikasoma sheria, sa hivi ubishi ukiwaka naitwa. So hii ni kwa Waswahili wenzangu mlioko huku, hasa nyie ambao watoto wenu wapo kwenye hivi vyuo na mnakaa nao kuangalia mechi.

Kabla hujafungua mdomo uliza swali moja: refa uwanjani alisema nini? Kabla ya picha, kabla ya marudio, pale pale mpira ulipoisha, aliamua nini? Hapo ndo ubishi wote ulipo na mashabiki wengi wanaliruka, wanakimbilia kubishana kama jamaa alidaka au hakudaka, wakati refa wa riplei, yule wa kwenye chumba cha juu, haulizwi hilo kabisa. Yeye anaulizwa hivi, je picha zinaonyesha bila ubishi wowote kwamba uamuzi wa uwanjani ulikosewa? Kama ni asilimia sitini kwa arobaini, uamuzi unabaki vile vile hata kama yeye mwenyewe moyoni anaona wenzake wamekosea. Mnaofuatilia VAR mnaijua hii, lile kosa la wazi, ni wazo hilo hilo.

Ndo maana mpaka msimu wa 2024 ilibidi usikilize sana maneno ya refa akiwasha maiki. Akisema uamuzi umethibitishwa maana yake picha zilikubaliana naye. Akisema uamuzi unabaki maana yake picha hazikutosha kusema lolote. Tangu 2025 anasema tu umekubaliwa au umepinduliwa, lakini hivi vitu viwili ni tofauti kabisa na ukivichanganya utashindwa ubishi na mtoto wa darasa la sita.

Sasa chukua mfano ambao hapa Columbus bado ni kidonda. Fiesta Bowl, 28 Desemba 2019, nusu fainali, Ohio State na Clemson kule Glendale, Arizona. Ohio State waliongoza 16-0, Clemson wakarudi mpaka 21-16, robo ya tatu Justyn Ross wa Clemson anapokea pasi, anapiga hatua, Jeff Okudah wa Ohio State anaupokonya mpira unadondoka, Jordan Fuller wa Ohio State anauokota anakimbia nao mpaka tachidauni, lile bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja. Uwanjani wakasema kadaka, kapokonywa, tachidauni ya Ohio State. Wakaenda kwenye riplei, wakarudi wakasema hapana, pasi haikukamilika. Tachidauni ikafutwa na mechi ikaisha 29-23, Clemson wakaenda fainali.

Mtu wa Clemson atakwambia sheria inasema ukidaka lazima uumiliki mpira muda wa kutosha kufanya kitendo cha kimchezo, yaani kukimbia nao au kumkwepa mtu, na Ross hakufikisha huo muda. Atakwambia pia, na yuko sahihi, kwamba kitabu cha sheria kinasema ukiwa na shaka, pasi haijadakwa. Watu wengi wa Ohio State wanaishia hapo hawana la kujibu wanaanza tu kusema tumeibiwa. Jibu ni hili: hiyo shaka ni ya refa aliyeko uwanjani. Ukishaingia kwenye riplei shaka inageuka, inalinda uamuzi uliokwisha tolewa. Na uamuzi uliotolewa ulikuwa kadaka! Kama wewe na mimi tumeangalia zile picha na tumegawanyika nusu kwa nusu, hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba haikutakiwa kupinduliwa. Mi nasimamia hapo mpaka leo, na nasimamia kwa sababu ya sheria, maana najua ingekuwa uwanjani wamesema haikudakwa toka mwanzo nisingekuwa na kesi.

Na hapa lazima uwe mkweli na timu yako pia. Novemba 2016 na Michigan, muda wa nyongeza wa pili, Ohio State wako nyuma 27-24, dauni ya nne, yaani jaribio lao la mwisho, wanahitaji yadi moja wasipoteze mpira, J.T. Barrett anakimbia anaangushwa pale pale kwenye mstari. Uwanjani wakasema kafika. Riplei ikaacha kama ilivyo, jaribio lililofuata hapo hapo Curtis Samuel akafunga, 30-27. Watu wa Michigan mpaka kesho wanasema tulibebwa. Kipimo ni kile kile, miili imerundikana pale huwezi kusema mpira ulifika wapi, basi unabaki uamuzi wa uwanjani. Huwezi kulitumia hili 2016 ukalikataa 2019, na wao vile vile.

Ukiangalia marudio yaangalie kwa akili. Picha ya taratibu ni nzuri kwa vitu vya kugusa, goti limegusa chini au bado, mguu uko ndani au umekanyaga mstari (vyuoni mguu mmoja unatosha, NFL, ile ligi ya kulipwa, ni miwili, usije ukaaibika). Lakini kwa swali la muda, yaani aliumiliki mpira kwa muda gani, picha ya taratibu inadanganya, nusu sekunde inaonekana kama dakika, so rudisha kasi ya kawaida. Halafu angalia kamera iko wapi, kama haijakaa sawasawa na mstari usiape kwa hiyo picha.

Ujue pia kipi hakiendi riplei. Kushikana jezi, kumzuia mpokeaji asidake, hayo hayarudiwi kwenye picha, so ukikuta mtu anasema kwa nini hawakuangalia riplei mwambie kwa upole sheria hairuhusu. Tagetingi yenyewe, ile ya kumpiga mtu kichwani au kumgonga kwa utosi wa helmeti, ina utaratibu wake: tangu 2019 hamna jibu la "inabaki", ni ithibitishwe yote au ifutwe, kwa sababu mchezaji anatolewa nje. Kumbuka hilo ukibishana kuhusu Peach Bowl ya 1 Januari 2025, Texas na Arizona State, pale waliangalia wakasema siyo tagetingi na Texas wakashinda 39-31 kwenye nyongeza. Mi nadhani walikosea, lakini nabishana na hiyo sheria mkononi.

Kingine, hata ligi ikikiri kosa matokeo hayarudi. Oktoba 2015 Miami waliwafunga Duke 30-27 kwa kurushiana mpira nyuma mara nane sekunde za mwisho, goti la mchezaji mmoja lilikuwa limegusa chini, yaani mpira ulitakiwa kuishia pale, riplei ikapitisha, kesho yake ACC, ligi yao, wakawasimamisha marefa wote wa mechi ile, wa riplei naye, mechi mbili. Ushindi ukabaki wa Miami. Kwa hiyo usibishane kana kwamba mechi itachezwa upya, bishana kuhusu nini kilitakiwa kufanyika.

Na tafadhali, refa muache na familia yake. 2006 Oregon waliwafunga Oklahoma 34-33, kwenye mipira ya mwisho marefa walikosea kweli, na refa wa riplei alitishiwa kuuawa. Mzee wa watu, kwa mpira! Kwenye kijiwe chetu hapa mtu akifika hapo tunamnyamazisha, halafu tunarudi mwanzo: uwanjani walisema nini?