Zoezi la kumalizia (kufunga mabao) kwa mshambuliaji wa kike

Viwanja vingi vya mitaani Nairobi ni vya murram (udongo wa changarawe), mpira hudunda ovyo. Ukizoea huko tu, siku ya majaribio kwenye nyasi bandia kama za Camp Toyoyo, Jericho, mguso wa kwanza utakuponyoka. Tafuta nafasi ya kuzoea kote kuwili.

Weka koni mita moja ndani ya kila nguzo. Simama mita 16 kutoka golini ukilipa mgongo, mwenzako akupe pasi kali ya chini. Kabla haijafika, tazama nyuma ya bega mara mbili: beki wapi, kipa wapi? Pokea, geuka, piga chini kati ya koni na nguzo. Mara 10 kila mguu, pumzika dakika 2, rudia mara tatu.

Mpira ukipaa, mara nyingi ni kwa sababu wewe umeegemea nyuma. Mguu wa kusimamia ukae ubavuni mwa mpira, kifua juu yake.

Tafadhali, msiruke maandalizi ya mwili. Wasichana huchanika kano za goti zaidi kuliko wavulana. Kabla ya mpira, dakika 15 za kuruka na kutua: magoti yakunjwe, yasiingie ndani.