Fuko si panya: usimtegee mahindi yenye sumu

Mvua za Novemba zikishalainisha udongo huku Mbeya, simu huanza kulia: "Bwana shamba, fuko wamenimalizia viazi." Msimu uliopita mama mmoja wa Mbeya Vijijini alinipeleka kwenye tuta la viazi vitamu lililonyauka mwanzo hadi mwisho. Nilishika shina moja, likaja lote bila kiazi wala mzizi, limekatwa chini kama kwa kisu. Kwenye mdomo wa shimo alikuwa ameweka mahindi yenye sumu ya panya. Fuko hakuyagusa. Kuku wake wawili waliyaparura, wakafa.

Iliniuma, maana hasara hiyo ilizuilika kwa kumjua mnyama. Fuko ni mgugunaji, lakini hayumo kwenye familia ya panya. Wanasayansi wamemweka katika familia ya Bathyergidae, na kwa ukoo yuko karibu zaidi na nungunungu na simbilisi. Hula mizizi na viazi, na maji huyapata humo humo, kwa hiyo hana haja ya kutoka nje kufuata punje.

Watu humwita kipofu. Huyu wetu ana vijicho vidogo mno, ila hutambua mwanga. Kipofu hasa ni mchimbaji mwingine, Spalax wa Ulaya Mashariki na Mashariki ya Kati: macho yake yamefunikwa kabisa na ngozi, na yeye ndiye mwenye undugu wa karibu na panya. Maisha ya chini ya ardhi yamewafananisha tu.

Kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini, tofauti kubwa ni hii. Fuko aina ya Heliophobius, mwenye manyoya ya kijivu cha fedha, huishi peke yake. Fuko aina ya Fukomys, ambaye jenasi yake (kundi lake la kisayansi) ilipewa jina mwaka 2006 kutokana na neno hili hili letu la Kibantu, fuko, huishi kwa familia: jike mmoja huzaa, na watoto waliokua husaidia kuchimba. Basi ukinasa mmoja, kisha vifusi vipya vikaendelea kutokea kwenye njia ile ile, usiondoe mtego.

Tafuta kifusi kibichi, ambacho udongo wake bado una unyevu. Chomeka kijiti mpaka kizame ghafla. Hapo ndipo njia ilipo. Ifungue kwa jembe, toa udongo uliolegea, tega kitanzi ndani yake, kisha ondoka. Fuko havumilii njia iliyo wazi, atarudi kuiziba. Ukiamua kumsubiri, tulia kabisa, kwani mtikisiko wa hatua zako humfikia kabla hujamwona. Akinaswa usimshike kwa mkono mtupu: meno anayochimbia yako nje ya midomo na hukata vibaya. Yule wa porini, mbali na shamba, mwache ageuze udongo wake.

Mazao nayo yavunwe yakikomaa. Wengi wetu huacha viazi vitamu na mihogo ardhini kama ghala, na fuko hulihamishia kwake. Tulipofuata njia ile kwa yule mama, tulikuta chumba kimejaa viazi vyake, vingine bado vizima. Kama huna budi kuviacha, anza kuvuna matuta yanayopakana na kichaka, hata kama yale ya karibu na nyumba yanaonekana kukomaa zaidi.