Jinsi ya kumfuatilia mchezaji aliyehama timu yako ya AFL ukiwa hapa Dar

Kama ulishawahi kumfuatilia Samatta basi hii kazi unaijua tayari. Alivyotoka Simba 2011 kwenda TP Mazembe, alafu Januari 2016 akaenda Genk, ghafla watu wa Mbagala wakawa na msimamo wa ligi ya Ubelgiji kichwani, mtu anakuuliza Genk wanacheza lini kama anavyouliza Simba wanacheza lini. Hakuna aliyekuwa na habari na Genk kabla ya hapo, tulikuwa tunamfuata mtu wetu. Na ile tarehe 1 Machi 2020 alipofunga kwa kichwa Wembley, fainali ya kombe la ligi, Aston Villa na Man City, nilikuwa kibanda umiza kimoja cha Mwananyamala na wazee wa Yanga waliokuwa wanamwita mtoto wa Msimbazi miaka yote walisimama juu ya mabenchi.

Sasa mi kwenye mpira wa Australia, ule wa mpira wa umbo la yai na milingoti minne ambao ligi yake kuu ndo AFL, ni mtu wa Sydney Swans, nimewashika tangu kaka angu alipokuwa anasoma kule akawa ananitumia klipu. Nimeona wabongo wengi wakiupenda huu mchezo wanashika timu, alafu mchezaji wao akiondoka wanamfuta kabisa, hata jina hawataki kulisikia. Wanajikosesha kitu kikubwa sana. Ntaeleza navyofanya mimi na waliotoka Swans, kama we ni Collingwood au Essendon badilisha majina tu, njia ni hiyohiyo.

Chukua daftari. Kweli kabisa, daftari la karatasi, mi nina kaunta buku moja kubwa jalada jekundu (rangi ya Swans ni nyekundu na nyeupe), kila mchezaji ukurasa wake. Juu naandika jina, chini yake mwaka alioingia, mwaka aliotoka, KATOKAJE, na kaenda wapi. Hapo kwenye katokaje ndo pa kuwa makini kwasababu ndo panakuambia ukamtafute wapi.

Kule klabu hainunui mchezaji kwa hela kama huku kwetu. Wanabadilishana, mchezaji kwa mchezaji au mchezaji kwa nafasi ya kuchagua kijana kwenye drafti ya Novemba, na mchezaji mwenyewe lazima akubali kwenda. Dirisha lao ni Oktoba, na miaka ya karibuni limekuwa likifungwa saa moja na nusu usiku saa za Melbourne, yaani huku kwetu saa tano na nusu asubuhi, we upo kazini unaiba kuangalia simu. Njia ya pili ni mchezaji huru, hii waliianzisha 2012, mkataba ukiisha na akiwa katumikia klabu miaka ya kutosha anaweza kuondoka. Ndo alivyokuja kwetu Lance Franklin mwisho wa 2013 kutoka Hawthorn, mkataba wa miaka 9 dola milioni 10 za Australia. Njia ya tatu kutemwa, ya nne kutundika daluga.

Na kwa huyo Franklin ndo nilijifunza kuwaheshimu mashabiki wa Hawthorn. Kamaliza 2023 na magoli 1066, na ukiyagawa, 580 kafunga akiwa Hawthorn na 486 akiwa Swans. Siku anafunga goli la 1000, Machi 2022 pale SCG, uwanja wetu wa nyumbani Sydney, watu wakamwagika uwanjani mpaka mechi ikasimama, jezi aliyovaa ilikuwa yetu ila magoli mengi zaidi ni ya kwao. Kuna watu Melbourne walikaa mbele ya TV siku ile wakalia machozi kwa mtu aliyeondoka kwao karibu miaka 9 nyuma. Wana haki yao.

Ukishajua katokaje sasa weka saa sawa, hapa wengi wanakosea alafu wanakuta mechi imeisha. Sydney na Melbourne wametutangulia masaa 7, ila kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba mpaka Jumapili ya kwanza ya Aprili wanasogeza saa mbele inakuwa 8. Adelaide ni masaa 6 na nusu na wao wanasogeza. Perth ni 5 mwaka mzima. Kwa hiyo mtu wako akihamia Perth umepata raha, mechi yao ya jioni we unaiona mchana baada ya kula. Akiwa Melbourne anacheza Jumamosi mchana, amka alfajiri. Mechi ya Ijumaa usiku Melbourne inaangukia saa sita na kitu mchana huku, na kama we ni mtu wa swala ya Ijumaa basi robo ya kwanza na ya pili utaziona baadae, usijilazimishe.

Mechi zenyewe kwa sisi tulio nje ya Australia kuna huduma ya kulipia inaitwa Watch AFL, mi nalipia kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Mechi moja na mapumziko yake inakula masaa mawili na nusu hivi kwa hiyo bando la siku halitoshi ukiweka picha kali, shusha ubora wa picha, mpira utauona tu. Ukiwa huna hela mwezi huo nenda YouTube ya AFL, wanaweka matukio muhimu ya kila mechi bure. Na kwa takwimu ingia AFL Tables, ile tovuti haina urembo wowote ila ina kila mchezaji kila mechi tangu 1897, unafungua jina la mtu wako unaona kacheza na nani, kafunga ngapi, jezi namba ngapi. Mi Jumapili jioni nakaa na kaunta buku langu nahamisha namba kutoka pale, nusu saa imeisha.

Kuhusu akaunti za wachezaji: zipo feki nyingi sana. Mi nilifuata moja ya mchezaji mkubwa mwaka mzima na hakuwa yeye. Njia salama ni kuanzia ukurasa wa klabu yake mpya, angalia kwenye picha wamemtagi akaunti gani, fuata hiyo.

Sasa nikuonyeshe kurasa zenyewe.

Aliir Aliir ndo ukurasa wangu wa kwanza. Kazaliwa kambi ya wakimbizi Kakuma, Kenya hapo juu, wazazi wake walikimbia vita Sudan, akaenda Australia akiwa mtoto. Swans walimchukua kwenye drafti ya 2013, akaanza kucheza mechi za ligi 2016, na mwisho wa msimu wa 2020 akahamia Port Adelaide. Nilisononeka, sitaki kuficha. Msimu wake wa kwanza tu kule, 2021, akachaguliwa kikosi bora cha ligi nzima, All-Australian. Yule beki anasoma mpira ukiwa bado mguuni kwa anayeupiga, anaondoka alipo anakwenda kuudaka juu ya kichwa cha mtu mwingine. Swans tulimwona akijifunza hivo vitu taratibu, akikosea, akikaa nje. Mtu wa Port alimpata ameshaiva. Mi nikimuona anaruka namkumbuka yule wa 2016, na hiyo furaha shabiki wa Port hana.

Jordan Dawson naye alitoka kwetu mwisho wa 2021, akarudi kwao Australia Kusini kujiunga na Adelaide Crows. Yaani mji mmoja, timu mbili, na kila upande una mtu wetu mmoja. Dabi yao inaitwa Showdown, wanacheza mara mbili kwenye msimu wa kawaida, na joto lake fikiria Kariakoo siku ya Simba na Yanga. Tarehe 1 Aprili 2022 Dawson anacheza dabi yake ya kwanza, Adelaide wako nyuma kwa pointi 2, muda unakwisha kabisa, akapewa frikiki pembeni. King'ora cha kumaliza mechi kikalia. Kule sheria inasema mpira ukiwa wako kabla ya king'ora unaruhusiwa kupiga hata kama muda umeisha, goli ni pointi 6, ukipita pembeni ya milingoti ya kati ni pointi 1 tu na moja isingetosha. Akaupinda kwa mguu wa kushoto ukaingia katikati. Wakashinda kwa 4. Mwaka uliofuata wakampa unahodha. Mi si shabiki wa Adelaide wala wa Port ila Showdown siikosi, na ushauri wangu kwako ni huo, tafuta mechi ambayo watu wako wawili wa zamani wanakutana, hiyo weka alarmu kabla ya zote.

Alafu kuna Gary Rohan, na hapa nitakaa kidogo.

Rohan tulimchukua drafti ya 2009, kijana mwenye mbio zisizo za kawaida. Aprili 2012 kwenye mechi na North Melbourne mguu ukavunjika vibaya, ile picha hata sasahivi siiangalii. Mwaka huohuo Septemba Swans wakachukua ubingwa, yeye hayupo. Akapona, akarudi, akatucheza miaka mingine, mwisho wa 2018 akaenda Geelong. Sasa Septemba 24, 2022, Grand Final, yaani fainali ya ubingwa, Swans na Geelong. Uwanja wa MCG, Melbourne, saa nane na nusu mchana kwao, kwetu saa moja na nusu asubuhi. Tulikuwa watano kwa kaka angu Tabata, mke wa kaka katuwekea vitumbua na chai ya maziwa, simu tumeiunganisha na TV kwa waya. Tulipigwa. 133 kwa 52, tofauti ya pointi 81. Mpaka robo ya tatu chai ilishaota utando juu hakuna aliyeigusa, shemeji akaja akachukua vikombe bila kusema neno.

Wenzangu walitaka kuzima TV kabla ya medali. Niliwaomba wasizime. Nilikuwa namsubiri Rohan apande jukwaani. Miaka 10 baada ya ule mguu, akavishwa medali yake shingoni, mbele ya jezi zilezile alizovunjikia mguu. Nilifungwa siku ile na nilifurahi siku ile, vyote viwili vilikuwa kweli kwa pamoja, na kaka angu aliyekuwa haelewi kwanini nina daftari akaniambia lete hilo daftari niandike mimi. Ukurasa wa Rohan una mwandiko wake.

Kwa waliotundika daluga hawana mechi za kufuatilia kwa hiyo fuata kazi zao. Wengine wanakuwa makocha wasaidizi, wengine wachambuzi. Tadhg Kennelly yeye alipindua kabisa, Muairishi, bingwa na Swans 2005, akaondoka mwanzoni mwa 2009 kurudi kwao Kerry kucheza mpira wa Kiairishi, akachukua ubingwa wa Ireland mwaka huohuo alafu akarudi Swans 2010. Kama ungemfuta alivyoondoka ungemkosa.

Na kuna wa kufuatwa kwa mbali. Adam Goodes, mzawa wa asili wa Australia, mechi 372 zote Swans, Brownlow mbili, ile medali ya mchezaji bora wa ligi, 2003 na 2006. Miaka yake ya mwisho alizomewa kila akigusa mpira, viwanja vizima, na alipostaafu 2015 hakwenda hata kwenye gwaride la wanaoagwa siku ya fainali. 2021 ikajulikana alikataa kuingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo. Huyu usimtafute kwenye mechi na usimtagi kumwomba arudi. Fuata GO Foundation, alianzisha na Michael O'Loughlin 2009, wanasomesha watoto wa jamii za asili. Habari zao zikija nasoma, naandika kwenye ukurasa wake, basi.

Waliotemwa ndo wanahitaji jasho kidogo. Angalia kwanza ligi tatu za chini: VFL, ya Victoria ila ina timu mpaka za Sydney na Queensland, SANFL ya Australia Kusini na WAFL ya Perth. Mara nyingi mtu akitemwa Novemba, Desemba ushasikia kasaini mojawapo ya hizo. Asipoonekana huko atakuwa kaenda timu ya mji mdogo, hapo tafuta jina la klabu kwenye tovuti ya PlayHQ utapata matokeo na waliofunga, jina lake likitokea na magoli matano Jumamosi unajisikia vizuri siku nzima.

Na msimu mkubwa ukiisha Septemba usifunge daftari, kuna ligi ya Darwin, NTFL, yenyewe inachezwa Oktoba mpaka Machi kipindi cha mvua zao, na wachezaji wa zamani wa AFL wanakwenda sana kucheza kule. Darwin wametutangulia masaa 6 na nusu, hawasogezi saa. Mechi ya Jumamosi saa moja usiku kwao ni saa sita na nusu mchana hapa, Januari, jua la Tabata limesimama utosini, unaona kwenye picha jezi zimewaganda mgongoni kwa jasho kama ya kwako ilivyokuganda, feni inazunguka, na pale pembeni ya uwanja anapasha misuli mtu uliyemwona mara ya mwisho miaka mitatu iliyopita.