Kutoa pektini katika maganda ya machungwa

Machungwa ya Teso, mashariki mwa Uganda, yanayokataliwa wakati wa kufungasha, kwa madoa au udogo, bado yanafaa. Kamua juisi, ubaki na ganda. Ile sehemu nyeupe ya ndani ndiyo yenye pektini, kitu kinachogandisha jamu. Tumia maganda ya siku hiyohiyo. Tunda lililoota ukungu litupe, kwa sababu ukungu huivunjavunja pektini.

Kwangua rangi ya juu yenye mafuta, kisha katakata vipande vya milimita 5. Tia kilo 1 katika maji yanayochemka kwa dakika 5, mwaga maji, suuza mara mbili. Wengi huruka hatua hii kisha hushangaa jamu ikibaki majimaji: ganda lina vimeng'enya vyake vinavyoidhoofisha pektini, na joto ndilo huvizima. Kusuuza nako huondoa sukari na uchungu.

Rudisha vipande katika sufuria ya stenlesi (asidi hula aluminiamu) pamoja na lita 3 za maji na gramu 60 za asidi ya sitriki. Pima kwa karatasi ya pH, ionyeshayo ukali wa asidi. Itakiwayo ni 2 hadi 2.5. Weka kwenye nyuzi 85 kwa saa moja, ukikoroga. Ukizidisha moto au muda, pektini hukatika na haigandishi tena. Chuja ingali moto kwa kitambaa cha marekani, bila kukamua kwa nguvu, la sivyo itachafuka kwa nyuzinyuzi.

Jaribu: kijiko 1 cha chai cha maji hayo yaliyopoa, vijiko 3 vya spiriti. Likiganda bonge moja, ni nzuri. Ukiona vijinyuzi tu, punguza maji kwa moto mdogo. Usionje kamwe.

Kupata unga, punguza maji hadi nusu, yapoe kabisa, kisha mimina ethanoli (alkoholi) ya asilimia 95, ujazo mara mbili ya maji hayo. Waragi, pombe kali ya Uganda, haufai: wenye asilimia 40, ukimiminwa hivyohivyo, huacha mchanganyiko wa asilimia 27 hivi, na pektini inataka zaidi ya 50. Zima sigiri na uondoe kila moto kabla ya kufungua chupa. Baada ya saa moja okoa utelezi unaoelea, uoshe kwa ethanoli ya asilimia 70, ukamue, ukaushe chini ya nyuzi 50, usage. Tarajia gramu 20 hadi 40.

Ethanoli ndiyo gharama kubwa. Bila mtambo wa kuikeneka na kuirudisha, unga huo ni hasara. Anayepika jamu ya mananasi mwenyewe asihangaike na unga: amimine yale maji yaliyochujwa na kupunguzwa, yasiyotiwa ethanoli, moja kwa moja sufuriani, na apunguze ndimu, maana asidi imo tayari. Mwenye unga auchanganye kwanza na sukari mara tano ya uzito wake, usije ukafanya madonge, na aweke gramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya jamu.