Namna ya kufundisha Vita vya Msalaba kwenye darasa la mchanganyiko

Ukiandika ubaoni "Wakristo dhidi ya Waislamu", umeshaharibu kipindi. Watoto wataanza kushangilia kama Simba na Yanga. Ninakofundisha mimi, nusu ya darasa huwahi msikitini Ijumaa na nusu kanisani Jumapili, kwa hiyo katika vita hivyo vya zama za kati, vya Wakristo wa Ulaya na Waislamu kugombea Yerusalemu, huchukua siku mbili tu, tarehe 3 na 4 Julai 1187, siku za mapigano ya Hattin huko Palestina, nikazifundisha kwa ramani ya maji.

Bandika manila. Magharibi chora chemchemi za Saffuriya, mashariki Ziwa la Galilaya na mji wa Tiberias, yote kwa buluu. Katikati, penye vilima viwili vya Hattin, acha peupe. Hapo pakavu, na upana wake haufiki kilomita 30.

Sasa ligeuze darasa liwe baraza la vita. Salahuddin Ayyubi, sultani Mwislamu wa Misri na Shamu, ameizingira Tiberias, na ngomeni yumo Eschiva, mke wa Raymond wa Tripoli, mtawala Mkristo. Jeshi la Wakristo liko Saffuriya, kwenye maji. Liende au libaki? Pigeni kura. Wavulana karibu wote watasema liende, mke wa mtu haachwi! Ndipo uwaambie kwamba Raymond, mwenye mke, ndiye aliyeshauri wabaki. Guy, mfalme Mkristo wa Yerusalemu, alimkubalia, lakini usiku akageuzwa na Gerard de Ridefort, mkuu wa Watemplari, watawa waliokuwa pia askari.

Chora mshale mwekundu unaoingia kwenye ule weupe, na hapa usikimbize somo. Ni Julai, wanaume wamevaa chuma, farasi hawana maji, na wapanda farasi wa Salahuddin wanawamiminia mishale ubavuni na nyuma. Usiku wakalala na kiu. Kesho yake nyasi kavu zikatiwa moto, moshi ukawaingia machoni. Kabla ya jioni Guy alikuwa mateka.

Baadhi wataanza kutabasamu, wengine kununa. Wakumbushe kwamba Raymond huyohuyo alikuwa na mapatano na Salahuddin miezi michache kabla. Kwamba mwaka 1140 Damascus, mji wa Waislamu, iliungana na Wakristo wa Yerusalemu kumzuia Zengi, mtawala wa Mosul na Aleppo, Mwislamu mwenzao. Kwamba mwaka 1204 askari wa msalaba waliupora Constantinople, mji wa Wakristo.

Damu usiifiche, maana wataisikia mtaani ikiwa imetiwa chumvi. Taja mauaji ya Yerusalemu ya Julai 1099, askari wa msalaba walipouteka mji, na taja Watemplari waliochinjwa wakiwa mateka baada ya Hattin, kwa sauti ileile.

Kazi ya nyumbani: mwaka 1229 mfalme mkuu Frederick II wa Ujerumani, akiwa ametengwa na Papa, alipewa Yerusalemu kwa mkataba na Sultani al-Kamil wa Misri bila vita. Ni kina nani walikasirika, na kwa nini? Anayetaja hasira za upande mmoja tu mrudishie daftari akaongeze.