Kabla ya kudondosha tone la kwanza: chembe za haidrojeli hapa Dar

Haidrojeli ni jeli inayoshika maji mengi; chembe zake hupatikana kwa kudondosha myeyusho wa alginati kwenye kloridi ya kalsiamu, matone yakaganda. Soma kibandiko cha unga wa alginati. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia; mwani unaolimwa Zanzibar ni mwekundu na hutoa karajinani, kitu kingine kabisa.

Maji yawe yameondolewa madini. Ya kisima yenye kalsiamu huanza kugandisha alginati ndani ya bika, ukabaki na madonge.

Yeyusha polivinili alkoholi (polima inayoyeyuka kwenye maji) peke yake, asilimia 10: nyunyiza kwenye maji baridi ukikoroga, kisha pandisha hadi nyuzi 90. Ukimwaga kwenye maji ya moto itafanya mabonge. Ipoe ndipo uchanganye nusu kwa nusu na alginati ya asilimia 4. Alginati iliyooksidishwa kwa peri-iodati (chumvi ya kuoksidisha) anza nayo kwa robo tu ya alginati yote, kwani uoksidishaji hufungua pete zinazoshika kalsiamu.

Sasa kloridi ya kalsiamu, inayogandisha matone, na hapa tulia. Ile kavu kabisa hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha. Kopo likifunguliwa mara kwa mara, unga hushikana, halafu hulowa. Kila molekuli ikishika sita za maji, karibu nusu ya uzito ni maji. Mtu anapima gramu 11.1 kwa lita akidhani ana moli 0.1, kumbe ana nusu yake. Chembe zinatoka laini, zinapasuka kwenye chujio, naye anailaumu alginati, anaagiza nyingine, na hali ni ileile. Nunua yenye molekuli mbili za maji, gramu 14.7 kwa lita. Au kopo jipya likifunguliwa, ligeuze lote kuwa myeyusho siku hiyohiyo.

Sindano pekee hutoa chembe za milimita mbili hivi. Ukitaka ndogo zaidi, koroga mchanganyiko ndani ya parafini ya maji yenye Span 80, kitu kinachozuia matone yasiungane upesi. Ile ya duka la dawa, siyo mafuta ya taa! Umeme ukikatika kabla ya kutia kalsiamu, matone huungana, kwa hiyo kikorogeo kiwe na betri ya akiba.

Kalsiamu haiishiki polivinili alkoholi. Gandisha chembe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri usiku kucha, ziache barafu iyeyuke, rudia mara tatu, la sivyo polivinili alkoholi itavuja.

Usioshe chembe kwa bafa ya fosfati (myeyusho wa kutuliza pH), hunyakua kalsiamu na chembe hulegea. Peri-iodati iwe mbali na karatasi na spiriti. Miwani vaa. Glavu vaa. Kila chupa iandikwe tarehe.