Somo: Jinsi ya kupambanisha mabondia wa enzi tofauti

Ubishi wa nani angeshinda kati ya Muhammad Ali na Joe Louis, mabingwa wa uzani wa juu wa enzi tofauti, hauishi kwa sababu kila mtu ana pambano lake kichwani. Huyu anamwona Ali wa Houston, yule anamwona Ali wa Kinshasa, na wote wawili wanatumia jina moja. Chukua daftari na saa ya kuhesabu sekunde, tulifanye pambano hili hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: chagua usiku, si jina

Kwa Ali tunachukua tarehe 14 Novemba 1966, Houston, alipomshinda Cleveland Williams katika raundi ya 3. Kwa Louis, tarehe 22 Juni 1938, New York, alipommaliza Max Schmeling kwa sekunde 124. Tahadhari moja: Williams alikuwa amepigwa risasi mwaka 1964 na hakuwa tena yule wa zamani, kwa hiyo usiku ule tazama miguu ya Ali, usiupe ushindi wenyewe alama nyingi.

Ali wa Kinshasa, wa 1974, ni bondia mwingine kabisa. Hakupigana tangu Machi 1967 hadi Oktoba 1970, na aliporudi alikuwa akipokea makonde ambayo zamani angeyakwepa.

Hatua ya 2: uzani

Zidisha pauni kwa 0.4536 upate kilo. Ali anakuwa na takriban kilo 96, Louis kilo 90. Pengo hilo ni dogo, pambano linafaa. Hapa ndipo wengi huharibu kwa Rocky Marciano: alikuwa na takriban kilo 84, na leo kuna uzani wa cruiser, wenye kikomo cha pauni 200, yaani kilo 90.7. Marciano angepigana huko, mpinzani wake wa haki akiwa Oleksandr Usyk wa 2018.

Kwa uzani wa chini uliza pia mabondia walipimwa lini. Zamani walipimwa siku ya pambano. Siku hizi wanapimwa siku moja kabla, na bondia anayejikausha maji anaingia ulingoni akiwa mzito kuliko mizani ilivyosema.

Hatua ya 3: sheria

Hatua hii ipe muda mrefu kuliko zote, kwani ndiyo inayogeuza matokeo. Louis na Ali waliandaliwa kwa raundi 15. WBC, moja ya mashirika yanayotoa mataji ya dunia, ilishuka hadi 12 mwaka 1983, baada ya Duk Koo Kim kufariki kufuatia pambano lake na Ray Mancini mnamo Novemba 1982. Mashirika mengine yakafuata baadaye.

Raundi hizo tatu si kitu kidogo. Mwaka 1941 Billy Conn alikuwa mbele ya Louis kwenye kadi mbili za majaji baada ya raundi ya 12, akaangushwa ya 13. Mwaka 1952 Jersey Joe Walcott alikuwa mbele kwenye kadi zote tatu, Marciano akamlaza ya 13. Mwaka 1981 Thomas Hearns aliongoza kadi zote, Sugar Ray Leonard akamsimamisha ya 14. Futa raundi hizo, na Conn, Walcott na Hearns wote wanatoka ulingoni washindi. Kwa hiyo ukimsifu Louis kwa kustahimili, usimpe pambano la raundi 12.

Andika pia sheria ya kuanguka. Tarehe 4 Julai 1919 Jack Dempsey alimwangusha Jess Willard mara saba katika raundi ya kwanza, na kila mara alikuwa amesimama karibu naye akingoja ainuke. Kufikia 1927, dhidi ya Gene Tunney mjini Chicago, alipomwangusha alitakiwa kwenda kwanza kwenye kona ya mbali ndipo hesabu ianze. Alichelewa, hesabu ikachelewa, Tunney akapata sekunde za kupumua. Dempsey wa 1919 chini ya sheria za leo ni hatari, lakini si yule yule.

Hatua ya 4: tabia, si sifa

Tazama raundi sita za kila mmoja, sauti ikiwa imezimwa. Andika mambo matatu: mkono wa kushoto unarudi wapi baada ya jabu (konde la kunyoosha la mkono wa mbele), anatoka upande gani akishapiga, na anafanya nini sekunde 30 za mwisho.

Mwaka 1936 Louis alishusha kushoto baada ya jabu, na Schmeling akapitisha mkono wa kulia juu yake hadi akamlaza raundi ya 12. Ali naye alivuta kichwa nyuma badala ya kuinua mikono; konde la kushoto la kuzungusha likamwangusha kwa Henry Cooper mwaka 1963 na kwa Joe Frazier mwaka 1971. Louis analo konde hilo.

Filamu za enzi ya Dempsey zipime kwa saa. Ikiwa raundi inaisha kabla ya dakika 3 kutimia, filamu inakimbia au imekatwa, na huwezi kusema lolote kuhusu kasi ya mikono.

Hatua ya 5: hukumu

Andika njia, raundi na sharti. Yangu: Ali kwa pointi katika raundi 15, mara 6 kati ya 10, kwa sababu Louis alisumbuliwa na Conn, mtu wa miguu, na Ali ana miguu pamoja na kilo 96. Louis akishinda, ni kwa nokauti kati ya raundi ya 4 na 9, Ali akivuta kichwa nyuma huku kamba ziko mgongoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Umoja): Mwalimu, George Foreman alimponda Frazier, na Frazier alimshinda Ali. Mbona tusitumie hilo?

Jibu: Kwa sababu Ali alimlaza Foreman raundi ya 8 mjini Kinshasa, na mnyororo wako umekuwa duara. Ushindi wa mtu wa tatu unaonyesha mtindo gani unamsumbua nani, basi.

Swali (Buruburu): Si kompyuta ilishaamua Marciano na Ali?

Jibu: Ile filamu ya 1970 ilikuwa na miisho miwili. Marekani waliona Marciano akishinda kwa nokauti raundi ya 13. Ulaya walionyeshwa Ali akishinda. Kompyuta hutoa kile ilicholishwa.

Swali (Kaloleni): Naomba Philip Waruinge wetu dhidi ya Vasyl Lomachenko. Inawezekana?

Jibu: Ndugu yangu, hili ni pambano zuri kuliko mengi yanayobishaniwa. Wote walipigana kilo 57 kwenye Olimpiki, na wote walipewa Kombe la Val Barker la bondia bora: Waruinge Mexico 1968, akiwa na shaba tu, Lomachenko Beijing 2008 akiwa na dhahabu. Sasa chagua sheria. Za 1968 ni raundi 3 za dakika 3, bila kofia ya kinga. Za 2008 ni raundi 4 za dakika 2, kofia kichwani, na pointi inaingia majaji watatu kati ya watano wakibonyeza kitufe cha mashine ndani ya sekunde moja. Kwa mashine ile, makonde mfululizo ya karibu hupotea na konde moja safi la mbali huhesabiwa, kwa hiyo Beijing nampa Lomachenko. Mexico, raundi ya tatu ikiwa na dakika nzima ya ziada na majaji wakitazama pambano lote, namweka Waruinge sawa naye, 5 kwa 5. Anza na kanda za nusu fainali ya Waruinge na Antonio Roldán ukizipata, na uangalie anavyojibu mtu anayemsogelea.